Viatu Mlangoni

Dorothea, rafiki yangu muuguzi wa Stafford, karibu na Houston, si mtu wa kutunga. Haya alinisimulia akiosha vyombo, bila kunitazama.

Wikendi ile yeye, rafiki yake Angel na mume wa Angel, Majaliwa, walikodi nyumba katika mji mdogo ulioanzishwa na Waholanzi, mashariki ya Houston. Ilikuwa nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao, na ghorofani wenyewe walikuwa wametundika ukutani jozi ya viatu vya mbao kama pambo. Wenzake wakaenda kununua mkaa wa nyama choma. Yeye akavua raba zake mlangoni, kama tunavyofanya sote, akaanza kukata vitunguu.

Saa kumi jioni wingu likatanda, umeme ukakatika, nyumba nzima ikawa giza. Ndipo akasikia huko juu: ko, ko, ko. Mtu anatembea na viatu vizito. Akadhani Majaliwa amepitia mlango wa nyuma.

"Shemeji, vua viatu bwana. Hii nyumba ya watu."

Hatua zikakoma. Halafu ngazi zikalia taratibu, moja baada ya nyingine, mpaka chini. Kisha kimya.

Simu ikaita. Alikuwa Majaliwa.

"Shemeji, mvua imetukamata huku dukani. Utusubiri kidogo."

Dorothea akaenda mlangoni na tochi ya simu. Kando ya raba zake vilikuwa vile viatu vya mbao, vimepangwa vizuri. Akatia mkono ndani ya kimoja. Kilikuwa bado na joto la mguu.