Mkono wa Kumbembeleza Kiraka

Mbwa alibweka mara moja tu, na mkono ukashuka kutoka darini.

Ulikuwa mkono mrefu, mwembamba, vidole vyake vimevikwa sufi na kupashwa joto kama la kiganja cha mtu. Ulishuka kwenye reli yake bila kelele, ukamkuna Kiraka nyuma ya masikio, ukampapasa mgongo, ukamdondoshea kipande cha nyama kavu, kisha ukarudi juu kulala. Kiraka aliutazama ukiondoka. Akatulia kidogo, akabweka tena. Mkono ukashuka tena.

"Huu unaitwa mbembelezi," Ikupa alimwambia baba yake siku alipomaliza kuufunga. "Nimeuunda mwenyewe. Mbwa akitaka mtu, mtu yupo. Na mimi nitafanya kazi yangu kwa amani."

"Mtu yuko wapi hapo?" mzee Asajile aliuliza. "Mimi naona fimbo iliyovaa soksi."

Ikupa Mwandemele alikuwa mhandisi, na kazi yake ilikuwa mwezini, ingawa hakuwahi kufika huko. Kila asubuhi aliingia chumbani kwake, akafunga mlango na kuvaa kofia-mbali, chombo kinachofunika macho na masikio na kuyapeleka mahali pengine kabisa. Kwa kofia hiyo aliendesha mashine zilizochimba barafu kwenye mashimo ya mwezi yasiyoona jua. Mwili ulibaki kitini, katika ghorofa ya juu ya jengo lililopanda ubavuni mwa mlima Loleza, jijini Mbeya. Yeye mwenyewe hakuwepo. Ukimwita hasikii. Ukimgusa bega anaruka kama aliyekanyaga nyoka, na huko juu mashine nzima inaweza kutumbukia shimoni.

Mzee Asajile na Kiraka walikuwa wamefika hapo siku moja, katika gari moja. Mzee alikuwa mnadi wa ng'ombe huko Usangu. Alisimama juu ya pipa na kupaza sauti, na uwanja mzima ukamjibu: wengine kwa bei, wengine kwa matusi, wengine kwa vicheko. Halafu ikaja mitambo ya mnada. Ng'ombe akapimwa kwa mwanga, bei ikajitangaza yenyewe, mnunuzi akiwa kitandani kwake. Pipa likabaki uwanjani na hakuna aliyelihitaji. Mama yake Ikupa alipofariki, binti akaenda kumchukua baba. Mzee akasema haondoki bila mbwa wake, basi.

Kule Usangu Kiraka alikuwa na kazi. Alibweka, watu wakaangalia ni nani anakuja. Hapa jijini alibwekea mlango uliofungwa. Na juu ya kila mlango wa mtaa ule palikuwa na sikio la mtaa, kikombe kidogo cha kioo kinachopima makelele. Taa yake ikiwa kijani, mnaishi vizuri na majirani. Ikiwa njano, mmeonywa. Ikiwa nyekundu, mbwa anachukuliwa, na anarudishwa akiwa amefungwa kola-bubu, inayolegeza koo lake asitoe sauti tena maisha yake yote.

Kabla ya mbembelezi taa ilikuwa kijani, ikipepesa pepesa. Baada ya mbembelezi ikawa njano, ikaganda hapo.

Ndipo Ikupa akamwita Stamili Komba, fundi wa tabia za wanyama, mwanamke wa Songea mwenye viatu vilivyotafunwa na mbwa wa watu. Stamili aliketi sebuleni, akanywa chai, wala hakumtazama Kiraka. Kiraka akabweka. Mkono ukashuka. Kiraka akala nyama, akabweka. Mkono ukashuka.

Stamili akacheka hadi chai ikamwagika.

"Dada, umemjengea mtumishi! Anapiga kengele, mtumishi anakuja na nyama. Ungekuwa wewe, ungeacha kupiga?"

"Nilidhani akishapata anachotaka atanyamaza."

"Mbwa hufanya kile kinacholeta faida. Kubweka kumeleta faida, basi atabweka. Na ukiangalia macho yake, anaupokea mkono lakini anatazama mlango wako. Anataka mtu ambaye naye atamtazama."

"Basi nauzima."

"Zima. Ila jiandae, kwanza atazidisha. Lifti ikikataa kuja, unabonyeza mara moja ukaondoka? Unabonyeza, unabonyeza, mwisho unaupiga mlango teke. Naye atafanya hivyo hivyo. Ukimjibu hapo, umemfundisha kwamba dawa ni kelele zaidi. Mgeuzieni kisogo. Akinyamaza, hata kidogo, ndipo mumwendee. Mumpe maneno, mumpe mkono wa nyama na mifupa. Mbwa aliye kimya ndiye wa kufuatwa."

"Na akiiba ndala zangu?" mzee aliuliza. "Jana kaenda nazo hadi chini ya meza, ananichungulia."

"Ulifanyaje, mzee?"

"Nilimkimbiza, bila shaka!"

"Basi mlicheza wote wawili."

Ikupa akauzima mkono. Kiraka akazidisha, kama walivyoambiwa. Siku zikapita, akaendelea kuzidisha. Taa ya njano ikaanza kuiva kuelekea chungwa. Stamili akarudi, akasimama katikati ya sebule.

"Kuna mtu anamjibu."

"Si mimi," Ikupa akasema. "Mchana kutwa niko mwezini."

Wote wakamgeukia mzee.

"Msinitazame hivyo. Mimi simbembelezi huyu. Mimi namkemea!" Akamnyooshea Kiraka kidole. "Wewe! Koma! Umeona simba? Umeona mwizi? Mpumbavu wa Usangu!"

Kiraka akatikisa mkia na mwili wote, akabweka mara mbili kwa raha.

"Mnaona anavyonijibu? Hana adabu kabisa."

"Mzee wangu," Stamili akasema taratibu, "kwake hiyo ni hotuba tamu. Mbwa hachagui maneno. Kukemewa nako ni kuzungumziwa."

Mzee Asajile akashusha kidole. Akakaa.

"Basi ndiyo mazungumzo yangu ya mchana," akasema. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama mtu anayetaja mahali alipozaliwa.

Stamili akamtazama Ikupa. Lakini kofia-mbali ilikuwa inalia chumbani. Kule juu mashine ilikuwa imekwama.

"Baba, jaribu tu kufunga mdomo," Ikupa akasema huku akielekea mlangoni. "Kwa ajili yake. Taa ikiwa nyekundu watamchukua, na atarudi bubu."

"Nitafunga," mzee akasema.

Siku chache baadaye jua likachafuka. Dhoruba yake ikakata mawasiliano yote ya mwezini, na Ikupa akavua kofia mchana kweupe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Akatoka chumbani akipikicha macho. Nyumba ilikuwa kimya. Kiraka amelala mbele ya mlango wake, kidevu juu ya makucha, anamtazama bila kutoa sauti. Ikupa akachungulia nje. Taa ya sikio la mtaa ilikuwa kijani kibichi kama jani la mgomba.

"Baba! Imekuwa kijani! Tumeweza!"

Hakuna aliyeitika. Chakula alichokifunika asubuhi kilikuwa hakijaguswa, na viatu vya mzee havikuwepo. Ikupa akasimama na mfuniko mkononi, akijaribu kukumbuka baba ameondoka saa ngapi. Akagundua kitu kibaya zaidi: hakujua kama ni leo tu, au ni siku zote hizi.

Akamfunga Kiraka kamba, wakatoka. Mbwa hakuhitaji kuambiwa. Alivuta kuteremka kilima, pua chini, hadi kwenye uwanja nyuma ya soko la Mwanjelwa, ambako mashine ya kufagia ilikuwa inazunguka polepole. Nyuma yake alitembea mzee Asajile, mikono mgongoni.

"Na hapo! Ganda la ndizi hilo umeliachia nani? Wewe umefundishwa na nani kufagia?"

"Samahani, mzee," mashine ikasema kwa sauti laini. "Asante kwa kunielekeza."

"Usinishukuru! Nijibu!"

"Samahani, mzee."

Alipowaona, mzee akajikohoza kwa aibu kidogo.

"Mmekuja? Nani anachimba huko juu?"

"Jua limechafuka, baba. Unafanya nini hapa?"

"Nakaa. Nikiwa nyumbani siwezi. Huyu akinitazama tu mdomo unafunguka wenyewe, na nilikuahidi." Akaipiga mashine kofi la ubavuni. "Hii ina adabu kupita kiasi. Nimeitukana tangu asubuhi, haijakasirika hata kidogo. Haina ladha."

"Taa imekuwa kijani."

"Vizuri. Vizuri sana." Akainama kumtazama Kiraka. Kiraka alikuwa amekaa wima, mkia unafagia vumbi, mdomo umefungwa. "Mbona hasemi kitu?"

"Amejifunza. Sasa anajua mtu huja akiwa kimya."

"Na huja kweli?"

Ikupa akaanza kuhesabu. Mkono alikuwa ameuzima. Baba alikuwa ameondoka. Yeye alikuwa mwezini. Nusu ya kwanza ya dawa ya Stamili waliifuata barabara, wakamnyima mbwa jibu. Nusu ya pili haikufanywa na yeyote. Kiraka alikuwa amekaa kimya mbele ya ule mlango siku baada ya siku, na hakuna aliyemwendea. Hakuwa amepona. Alikuwa amekata tamaa, na sikio la mtaa halijui tofauti.

Akachuchumaa vumbini, akamkumbatia yule mbwa shingoni. Kiraka akamwegemea kwa uzito wake wote. Kisha Ikupa akainua uso kumtazama baba yake, ambaye naye alikuwa amenyamaza.

"Nikemee mimi, baba."

"Nini?"

"Kama unavyomkemea yeye. Nitakujibu."

"Ah, wewe ni mtu mwenye kazi."

"Jaribu."

Mzee akaitazama mashine ya kufagia ikiondoka. Akasafisha koo, akatanua miguu kama aliye juu ya pipa.

"Wewe Ikupa! Yule kuku wa kuchemsha unayeniachia kila siku, huwa unampika au unamzika?"

"Nampika! Wewe ndiye umezoea kula mafuta mpaka moyo unalalamika!"

"Moyo wangu? Moyo wangu ulisimama juani Usangu ukauza madume elfu! Hujawahi hata kuniuliza niliuzaje. Mama yako ndiye alikuwa ananiuliza. Sasa wewe, binti msomi—"

"Mbona hukuniambia kama—"

"Usinikatize! Bado sijamaliza!"

Watu wa sokoni walianza kugeuka kuwatazama. Ikupa akakaa chini kabisa, pale pale vumbini, mbwa mapajani.

"Malizia, baba. Sina pa kwenda."