Alama za Mlango wa Jikoni

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghala ya nafaka Krista alipomwita mwanawe Kip mlangoni mwa jiko aje apimwe. Zilibaki siku tisa waende Florida, kwenye bustani ya bembea, na ratiba ilikuwa imebandikwa kwenye friji. Siku ya kwanza ni Joka, kile kitreni kinachopinduka juu chini. Joka hapandwi na mtoto asiyefika inchi arobaini na nne. Kip, mwenye miaka sita, alizifikisha tangu Aprili na nusu ikazidi. Krista alitaka kuhakikisha tu. Ni mtu wa kuhakikisha, huyo. Taa huizima mara mbili.

"Simama wima. Visigino nyuma."

Penseli ikakwaruza mwimo wa mlango.

Arobaini na tatu.

"Kip anarudi tumboni!" Maddy, dada yake wa miaka tisa, akaangua kicheko.

"Nyamaza, twiga wewe!"

Krista akapima tena. Arobaini na mbili na nusu. Ikamjia harufu ya udongo mbichi, hapohapo jikoni, palipokuwa pamepigwa deki asubuhi.

Akainama kuangalia alama za zamani. Walipoinunua nyumba, aliikwangua rangi ya mwimo huo akakuta familia iliyotangulia nayo iliwapimia watoto hapo. Alifurahi kama aliyeokota pete. Badala ya kuzifuta, akaanza kuwapima wanawe pembeni yake. Alama za mtoto mmoja, Lonnie, ziliishia inchi arobaini na moja. Hilo alilikumbuka vizuri.

Sasa zilikuwa mbili zaidi, mbichi, na risasi ya penseli bado inang'aa.

Lonnie. Arobaini na tatu na nusu.

"Maddy... umeandika wewe hapa?"

"Wapi?"

Krista aliiacha penseli mezani. Alivuka ua kwa Bi Opal, jirani aliyezeekea mtaa huo, akamkuta kibarazani anamwagilia maua. Alipomweleza, kopo lilimponyoka bikizee.

"Ile rangi niliipaka mimi," alinong'ona. "Mara mbili, moja juu ya nyingine. Kwa nini umeitoa, mwanangu?"

"Lonnie ni nani?"

"Alikuwa mtoto wao mdogo. Mama yake alimwahidi, ukifika urefu wa kupanda, tunakwenda kwenye bembea. Akafa hajafika. Homa ya siku tatu." Bi Opal alitazama dirisha la jiko la Krista. "Mama hakulia. Alipima. Kila jioni, hata baada ya maziko, nilisikia penseli."

"Alikuwa anampima nani, Bi Opal? Si keshazikwa?"

"Alimsimamisha mwanawe mkubwa. Lakini alama zilipanda za mdogo." Akaliokota kopo. "Walipohama, yule mkubwa alikuwa na miaka kumi. Alibebwa mgongoni, kwenye shuka... kama wa kunyonya."

"Akarudi kuwa sawa? Niambie alirudi!"

Bi Opal akamshika mkono, akauachia.

"Usimpime tena. Mengine siyajui."

Krista alirudi akikimbia. Kabla hajafika mlango wa nyuma, alisikia penseli.

Kwaruu.

Kimya.

Kwaruu.

"Mama!" Maddy alikuwa amesimama na penseli, uso mweupe, machozi yanamchuruzika. "Alikuwa analia eti hampandi Joka. Nikamwambia tujaribu tena. Tukajaribu na viatu. Kila tukijaribu..."

Alama za Kip ziliteremka mwimoni, moja chini ya nyingine, kumi na kitu. Chini yake suruali ilikuwa imelala sakafuni. Kip alikuwa ndani ya fulana yake iliyomfika miguuni, ana uso uleule wa miaka sita na pengo lake la mbele, na urefu wa mtoto anayeanza kusimama dede.

Krista hakutaka kutazama juu. Akatazama.

Lonnie. Arobaini na nne.

Aliinyakua rula, akaisugua alama ile kwa ukingo wake, akaikwangua kwa kucha mpaka zikatoka damu. Haikufutika. Akambeba mwanawe. Alikuwa mwepesi mno, na Krista alijua hakuna daktari wala kasisi wa kumpelekea jambo hili akaeleweka.

"Mama," Kip alimnong'oneza shingoni, "bado tunakwenda?"

Krista akamkumbatia. Ni mama.

"Tunakwenda, mwanangu. Nimeahidi."

"Asante, Mama."

Midomo ya Kip haikutikisika shingoni mwake. Sauti ilitoka mlangoni, nyuma yake, usawa wa kiuno, na mkono mdogo wenye baridi ukamshika kidole.