Nailoni ya Njura

Kila asubuhi jirani yangu Njura huamka mapema. Hukamua ng'ombe, kisha hunywa chai na mkewe, Makandi. Mguu wake mmoja ulikauka alipougua polio utotoni, kwa hiyo hutembea na mkongojo. Mdomo wake hauhitaji mkongojo.

Msimu wa kahawa ulipofika, Njura alikwenda kuomba kazi kiwandani, hapa karibu na Manyatta. Alitaka kazi ya kugeuza kahawa kwenye vitanda vya kuanikia. Meneja, Mzee Runji, alimpa chai. Alimpa andazi. Kazi hakumpa.

"Kaa kivulini, kijana wangu, nakuonea huruma," alisema. "Mvua ikija, sisi hukimbia stoo kuchukua nailoni za kufunika kahawa. Wewe utakimbia na nini?"

Nyumbani, Makandi alikuwa karibu kujifungua.

"Wamesemaje?" aliuliza.

"Wamesema andazi."

"Andazi halitamvika mtoto." Makandi hakucheka. Hata mimi, niliyekuwa nimeketi nao, sikucheka, na mimi hucheka hata matangani.

Nikamwendea Lydiah, afisa wa maendeleo ya jamii. Tukaenda naye na Njura kiwandani.

"Mzee Runji," Lydiah aliuliza, "Njura hawezi kugeuza kahawa?"

"Anaweza. Mikono yake ni mizima kabisa."

"Basi umemnyima kazi kwa sababu ya mguu. Sheria inakataza."

"Lakini mvua, mama!"

Lydiah akamgeukia Njura. "Mvua ikija, wewe ungefanyaje?"

Njura alishangaa. "Hilo sijawahi kuulizwa." Akafikiri kidogo. "Kwa nini nailoni ilale stoo na kahawa iko hapa? Ifungwe kwenye ufito mrefu, ikunjwe, ikae kichwani mwa kitanda. Nitaivuta tu."

"Vizuri," Lydiah alisema. "Hiyo ndiyo kurekebisha mahali pa kazi. Mpe pia kiti kirefu, na kitanda kilicho mbali na matope. Mshahara uwe kama wa wengine. Akikosea, mkaripie kama wengine."

"Hilo la kukaripia naliweza," Runji alijibu. Njura akaandikwa kazi.

Alasiri moja mawingu meusi yalishuka kutoka mlimani. Wafanyakazi walikimbia stoo, wakasukumana mlangoni kama mbuzi. Mzee Runji aliteleza, akakaa kwenye matope. Njura alikuwa amekwisha kuvuta nailoni yake. Kahawa yake haikupata tone.

"Meneja!" aliita. "Njoo ukae kivulini. Nakuonea huruma!"

Runji alicheka mpaka kofia ikaanguka. Kesho yake kila kitanda kilipewa nailoni yake. Sasa hata wenye miguu mizima hawakimbii tena, na baadhi yao wameanza kunenepa.

Makandi alijifungua msichana. Nilipokwenda kumwona, mtoto alikuwa amevaa sweta jipya la manjano. Baba yake alilinunua kwa mshahara wake. Lydiah na Mzee Runji walikuja pia.

"Tungemwita Lydiah," Njura alisema, "lakini kwetu binti wa kwanza hurithi jina la nyanya yake, na mama yangu yuko hapo mlangoni anasikiliza."

Tukacheka. Kisha Njura akawashika wageni mikono.

"Lydiah, asante kwa kuniuliza. Meneja, asante kwa kusikia."

Mzee Runji alifuta macho, akasema ni moshi. Halafu akafungua mfuko wake. Alikuwa ameleta maandazi. Safari hii tulikula sote.