Jozi Kumi za Viatu Vyeupe

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, mwaka 1911, saa kumi na mbili asubuhi, Bernadeta mshonaji alifungua ghala la shule akakuta kapu tupu. Jozi kumi za viatu vyeupe vya kuchezea, alivyovishona mwezi mzima kwa kitambaa cha merikani na soli za ngozi ya mbuzi, hazikuwamo. Haikubaki hata jozi moja.

"Mama yangu!" akasema, akakaa palepale chini.

Shule ilikuwa ya wasichana, ya misheni, juu huko Uluguru ambako mji wa Morogoro unauona wote chini yako. Mkuu wake, Sista Walburga, alifundishwa kwao tangu utoto kucheza kwa ncha za vidole. Naye akawafundisha wasichana kumi mchezo wa kale wa Kijerumani, wa binti mfalme aliyefungiwa mnarani. Neno halisemwi hata moja, yote ni miguu na mikono. Saa tisa alasiri wakubwa wa boma wangepanda mlima kuja kuutazama.

Lakini saa sita angetangulia askari, kwa kuwa Sista alikwisha kumpata mwizi wake. Alikuwa Kibwana, mpiga ngoma, Mwislamu wa kule chini Mafiga, aliyeajiriwa kwa sababu shule haikuwa na kinanda. Alilala barazani pa jiko, na ngoma zake zilikaa ghala hilohilo. Sasa alikuwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya baraza. Adhabu ya bomani kila mtu aliijua: hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, na aliyevila halali chali mwezi mzima.

Bernadeta roho ilimuuma. Mwaka wa njaa, baada ya vita, Kibwana huyo alipanda mlima mara mbili na mzigo wa muhogo kichwani, akamletea yeye mjane na mwanawe Alois. Alois alikuwa hai kwa muhogo ule.

"Sista, niachie niulize watu," akaomba. "Nipe mpaka saa sita."

"Uliza. Askari akifika, basi."

Akaanza na mlango. Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo ulitundikwa jikoni, kwenye msumari, na juu ya kufuli palikuwa na alama ya kidole chenye jivu. Basi aliyefungua alitoka mekoni. Akamwendea Kibwana.

"Kibwana, umeviiba?"

"Mama Alois, na miguu yangu hii? Kiatu kile hakiingii hata kidole gumba."

"Acha mzaha. Alfajiri ulimwona nani?"

Kibwana akaangalia pembeni. "Sikuona kitu cha kusema."

"Utapigwa, wewe!"

"Nipe maji ninywe, mama."

Saa tatu akamwita Agnes, aliyelia siku tatu kwa kunyimwa nafasi ya binti mfalme.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Kitandani na Maria. Anapiga mateke usingizini huyo, muulize mwenyewe."

"Na binti mfalme ulitaka kuwa wewe."

"Nilitaka sana! Lakini bila viatu hata mimi sichezi. Ningeficha vya Kristina peke yake."

Mtoto jeuri, lakini amesema kweli. Bernadeta akamwachia aende zake.

Saa nne njaa ikamshika, akaingia jikoni, akachota maharage ya jana usiku. Chapwa! Akakumbuka hata Sista alinung'unika mezani jana. Akaonja uji wa asubuhi, nao chapwa. Akafunua kopo la chumvi, akalikuta limejaa pomoni. Na zamu ya kupika wiki hii ilikuwa ya nani? Ya Kristina, binti mfalme mwenyewe, mpishi hodari kuliko wote pale.

Bernadeta akasimama na kijiko mkononi. Ee Mungu, mbona alichelewa kutambua hivyo! Yeye Mluguru, na bibi yake alimfundisha: msichana akivunja ungo hatii chumvi chunguni. Huyo ni mwali, anawekwa ndani asionekane, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Kwenda kucheza mbele ya wanaume kabla ya siku hiyo ni aibu ya ukoo mzima.

Akamwita Sista, akafunga mlango wa jiko. Kristina alikuwa amechutama mekoni, vidole vyake vimejaa jivu.

"Mwanangu, tangu jana hutii chumvi. Viatu viko wapi?"

Kristina akaangua kilio. "Darini, mama."

Bernadeta akapanda. Viatu vyote vilikuwapo, vimefungwa ndani ya kanga safi ya Jumapili, havina hata doa. Akamweleza Sista kila kitu.

"Kwa nini vyote?" Sista akauliza.

"Vikipotea vyangu tu, nitaulizwa mimi. Vikipotea vyote, mchezo haupo."

"Ungeniambia, Kristina."

"Modesta mwenzetu alipovunja ungo mwaka jana alikuambia, Sista. Ulimfukuza siku ileile."

Sista akawa mwekundu hadi masikioni.

"Na Kibwana?" Bernadeta akauliza.

"Nilidhani watasema wapita njia. Alipofungwa, ulimi ukanikauka. Nisamehe, mama."

Sista akatoka, akafungua kamba kwa mikono yake mwenyewe, akamwambia Kibwana mbele ya shule nzima, "Nimekukosea." Kristina alipelekwa kwa bibi yake kwa njia ya migombani, na ahadi kwamba akitolewa atarudi darasani. Binti mfalme akawa Agnes, na kwa kweli alicheza. Askari alifika saa sita kamili, akapewa maharage chapwa, akaambiwa arudi alikotoka.

Novemba Kristina akatolewa, na Kibwana akaalikwa kupiga ngoma. Alipopumzika, Bernadeta akamsogelea.

"Siku ile ulimwona, sivyo?"

"Nilimwona anapanda dari na mzigo, huku analia. Mimi nina mabinti watatu, mama Alois. Nikajua hilo si la mwanamume kulitaja."

"Ungekula hamsa ishirini!"

"Ningekula."

Bernadeta akakumbuka. Muhogo ule, na sasa hili. Yeye atamshukuru mtu huyu kwa lipi?

Kristina akaja, amepakwa mafuta, na shanga mpya shingoni. Akapiga magoti mbele ya Kibwana, akampa bakuli la maharage kwa mikono miwili.

"Kula, baba," akasema. "Chumvi nimetia mwenyewe."