Kamusi Iliyopotea Kabatini

Kila asubuhi Kasanda hufagia uwanja wa nyumba yao, hunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha, kisha humpitia rafiki yake Noé waende pamoja shuleni, katika shule ya parokia mjini Kamina. Kwa kawaida njiani huzungumza habari za mpira. Wiki ile walimzungumzia Laetitia.

Laetitia Likoke alikuwa mgeni katika darasa lao la nane. Baba yake ni mwanajeshi aliyehamishiwa kambi ya Kamina, na watoto wa mjini hawakuwaamini watoto wa kambini. Walisema hao hukaa muda mfupi, kisha hupakiwa kwenye lori wakaenda zao, kwa hiyo hawaoni haya kuchukua cha mtu. Yalikuwa maneno ya ovyo, lakini Kasanda aliyameza yote. Tena alikuwa na lake rohoni, kwa sababu kabla Laetitia hajafika, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza katika Kiingereza.

Madame Bijou, mwalimu wao wa Kiingereza, aliwapa neno moja tu, "spring", watafute maana zake zote na asili yake. Atakayelieleza vizuri kuliko wenzake angesimama mbele ya wazazi siku ya sikukuu ya shule. Kamusi ya Kiingereza ilikuwa moja, nene kama tofali, nayo ilikaa katika kabati la ofisi ya parokia. Anayetaka kuisoma abaki baada ya masomo. Wanafunzi wote walikimbilia mpira, akabaki Laetitia peke yake.

Kesho yake Madame Bijou alifungua kabati asione kamusi. Alirudi darasani akiwa amekunja uso. Aliwataka wanafunzi waeleze neno lao.

Kasanda alitaja maana mbili akakwama. Kisha akasimama Laetitia. Alisema "spring" ni chemchemi ya maji. Ni chuma kilichojikunja, kama kile cha chini ya tandiko la baiskeli. Ni majira katika nchi za baridi, majani yanapoanza kuchipua. Tena ni kuruka. Asili yake ni neno la kale la Waingereza lenye maana ya kuruka au kuchomoka ghafla: maji huchomoka ardhini, chuma ukikibana na kukiachia huruka, na majani huchomoka baridi ikiisha. Maana zote zimezaliwa na hiyo moja. Aliyasema yote hayo bila karatasi mkononi.

"Anajua yote hivi namna gani?" Kasanda alimwuliza Noé, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Kitabu iko kwabo."

Hapo Madame Bijou akalazimika kueleza kwamba kamusi haipo. Macho yote yakamgeukia Laetitia.

"Minyi siyaikamata," alikana kuichukua. "Niliisoma mpaka ikaingia mu kichwa, nikairudisha mu kabati."

Hakuna aliyemsadiki. Wakati wa mapumziko wasichana walihamisha mifuko yao mbali naye, na Noé akasema heri kila mtu achunge kalamu zake. Mkuu wa shule alimpa Laetitia muda hadi Ijumaa. Kamusi isipoonekana, asingesimama siku ya sikukuu, wala asingerudi shuleni tena. Kasanda aliposikia hayo alifurahi, na hakuificha furaha yake.

Alhamisi jioni mama yake, Mama Émerence, alimwita. Yeye ndiye anayefua vitambaa vya altare. Pasi ya makaa huchafua kitambaa cheupe kwa masizi, kwa hiyo akishavikausha huvikunja, huweka ubao juu, na juu ya ubao huweka kitu kizito. Alimwambia Kasanda avipeleke kanisani. Kasanda akainama kuondoa hicho kitu kizito. Ilikuwa kamusi.

"Mama, hii kitabu ulitosha wapi?"

Mama Émerence alijibu bila wasiwasi kwamba aliikuta katika kabati la ofisi ya parokia, ambamo vitambaa navyo hukaa. "Ni ya Kiingereza. Nilizani hakuna muntu anaisomaka."

Kasanda aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Siku zote hizo alikuwa akila chakula hatua chache tu kutoka kwenye kamusi ile. Kisha hofu ikamshika: akiipeleka, nani ataamini kwamba si yeye aliyeificha ili Laetitia afukuzwe? Angeweza kuirudisha kabatini kimyakimya. Lakini hapo Laetitia angeonekana mwizi aliyeogopa akarudisha.

Ijumaa aliingia darasani na kamusi kifuani. Kabla hajafungua kinywa, Noé, rafiki yake wa kila siku, alisogeza kiti chake pembeni. "Kumbe njo weye," alisema. Wengine wakaguna. Kasanda alitaka kueleza, lakini kelele zao zilimzidi.

Laetitia akasimama. "Mumuulize kwanza," alisema. "Minyi, hakuna muntu mwenye aliniuliza."

Darasa likatulia. Kasanda alieleza yote, kisha akamwomba Laetitia msamaha huku machozi yakimtoka. Mama Émerence naye alifika akathibitisha, akasikitika sana. Madame Bijou alikiri kwamba hata yeye hakumwuliza mtu mwingine anayefungua kabati lile, wala hakuona kwamba vitambaa navyo havikuwepo. Kisha akamwuliza Laetitia imekuwaje akaweza kuliweka somo zima kichwani.

Laetitia alieleza kwamba kila baba yake akihamishwa, lori hubeba masufuria na magodoro, na vitabu huachwa nyuma. "Kile kiko mu kichwa njo kinafikaka," alisema.

Madame Bijou aliishika kamusi kwa mikono miwili.

"Neno dogo la Kiingereza niliwapa," alisema, "nanyi mkakubali kwamba haliwezi kuwa na maana moja, lazima mtu aulize limetoka wapi na limepita wapi. Mwenzenu alipokuja, hamkuuliza kitu. Mlimpa maana moja tu: mwizi. Tangu leo, mtu naye mumsome mpaka mwisho kabla ya kusema mnamjua."

Noé alirudisha kiti chake mahali pake. Kasanda hakukaa hapo. Alichukua mfuko wake, akaenda kukaa karibu na Laetitia.