Jeneza la Makurunge

"Mgeni ameshuka Kaole. Msindikize, lakini usimwamshe."

Simu ya upepo ikakoroma, ikanyamaza. Ausi aliielewa amri. Sumu ilikuwa imekwisha teremshwa pwani. Aifuate, na asifyatue risasi ovyo, kwa sababu pipa likitoboka huko bondeni, mto Ruvu utakufa pamoja na wote wanaokunywa humo.

Aliipiga teke pikipiki yake, BSA, ikawaka.

Mwaka ule wa 1953 Ausi alikuwa mpelelezi wa siri, mzaliwa wa Kaole, ila kazi yake kubwa aliifanyia Ziwa Nyanza. Huko ngege walikuwa wamevuliwa kwa nyavu za matundu madogo hadi wakakaribia kwisha. Ghuba moja ikafungwa ili wazaliane, nao wakaanza kurudi. Kruse, tajiri wa samaki wa makopo, hakufurahi hata chembe. Ngege wakijaa sokoni, nani atanunua makopo yake? Akaazimia kuiua ghuba ile. Sumu yake aliijaribu kwanza katika kijito kimoja kiingiacho ziwani.

Mwajabu, mke wa Ausi, alinunua samaki wa kijito kile.

Ausi alirudi safari akakuta amekwisha zikwa. Tangu hapo Ausi humwona mkewe. Barabarani, mchana kweupe, amempa mgongo, kanga imelowa chapachapa. Akifika pale hapati mtu. Hakuwahi kumwambia yeyote, na kusema kweli aliogopa zaidi siku atakayoacha kumwona.

Kizuizi cha polisi kilipekua kila gari, hata lori la Kruse. Halikuwa na kitu. Kilichopita bila kuguswa ni jeneza, limefunikwa kitambaa cha kijani, wabebaji wanne wakienda mbio. Askari walivua kofia wakawapisha.

Ausi aliegesha pikipiki akajiunga nao. Ndivyo watu wafanyavyo. Ukikutana na maiti unatia bega, hata kama humjui. Wakulima walitoka mashambani, wakanyoosha mikono walipokee. Wabebaji hawakulitoa. Jasho liliwatiririka, mabega yamechubuka, na bado hawakulitoa.

Mzee Mwinyimvua, aliyekuwa akipalilia mihogo yake, aliudhika. "Jamani, tupokezaneni. Mnatunyima thawabu?"

"Ni wosia wa marehemu, mzee wangu," alijibu Mrisho, kiongozi wao. "Alitaka abebwe na nduguze tu."

Wosia wa namna hiyo Ausi hakuwahi kuusikia tangu azaliwe. Akajipenyeza, akatia bega kwa nguvu. Ubao ulimgusa sikio.

Ndani ya jeneza maji yalikuwa yakicheza.

Mbele, kando ya njia, alisimama Mwajabu. Safari hii alikuwa amegeuka, anamtazama.

Kwenye kona lori la Kruse, Bedford, lilikuwa likinguruma, tayari kupakia na kukimbilia stesheni ya Ruvu, kuwahi treni ya kwenda ziwani. Ausi alikuwa peke yake. Lakini kabla ya kona wanaume wa kijiji cha Makurunge walikuwa wameijaza njia, majembe mkononi, udongo hadi magotini. Walikuwa wamesikia kuna mgeni amefia pwani. Hakuna aliyewatuma, walikwenda wakachimba.

Mrisho alisema wanampeleka Mkange, kwa jamaa zake.

"Mkange mbali, mwanangu," alisema Mzee Mwinyimvua. "Kaburi liko tayari. Mgeni akifia kwetu, tunamzika sisi."

Kruse alikuwa amepanga yote, isipokuwa wema wa watu hawa.

Mkono wa Mrisho ukaingia kwapani. Bastola ya Ausi, Webley, ilikuwa imekwisha gusa mbavu zake.

"Shusheni. Taratibu."

Wakashusha. Mzee akafunua kitambaa, akainua kifuniko. Mapipa mawili, yamechorwa fuvu. Watu wakarudi nyuma wakimtaja Mungu.

Kruse aliruka kutoka kwenye lori, bastola ya Luger mkononi, akaielekeza kwenye mapipa. "Nipisheni, au nayatoboa."

Ausi akasimama katikati. Alitaka kumwua. Aliitaka roho ile kuliko maji ya kunywa, na Mwajabu alikuwa pale pale, anangoja.

Risasi moja.

Kruse alianguka akiwa ameshika bega, akilia. Wanaume wa majembe wakamzunguka yeye na wabebaji wake.

"Mgeni amelala," Ausi aliiambia simu ya upepo.

"Na ghuba?"

"Salama."

Likabaki kaburi. Watu wa huko hawaachi kaburi wazi. Huogopa litamwita mwingine. Wakakata mgomba, wakauvika sanda, kisha wakatazamana, nani ashuke kuupokea.

Ausi alivua viatu akashuka. Aliupokea mgomba kwa mikono miwili, akaulaza kwa ubavu wa kulia, ukaelekea kibla. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

Mzee Mwinyimvua aliinama. "Unamzika nani, mwanangu?"

"Mke wangu."

Hakuna aliyecheka. Mzee alimpa mkono akapanda, akampa jembe atie udongo wa kwanza. Ausi akautia. Kisha akavaa viatu, akaweka kofia sawa, akaiendea pikipiki yake bila kugeuka nyuma. Wale wanaume wakaendelea kufukia, polepole, kama wanavyomfukia mtu.