Futi Sita Alizoficha Garrett

Twyla Brandvold alimkanyaga mkono kabla hajamwona uso.

"Aii! Mkono wangu huo, dada!"

"Na wewe unalalaje chini watu wanapopita?"

Ilikuwa Jumamosi ya maonyesho ya trela za kulala mjini Boise, mwisho wa Januari, na ukumbi ulifurika wastaafu, watoto wenye bisi mikononi na wauzaji waliojipulizia manukato kupita kiasi. Twyla alikuwa ameingia kwenye trela moja kuchungulia jiko. Aliyeinuka sakafuni alikuwa jibaba la ndevu nyekundu, jaketi zito la mafundi wa nguzo za umeme, futikamba mkononi.

"Napima kitanda," alisema. "Miguu yangu huwa inaning'inia."

"Si ujilaze tu juu yake ujue?"

"Nilijilaza. Wakanifukuza."

Twyla alicheka mpaka akashika ukuta. Alivaa jaketi la jinzi lenye manyoya shingoni, na nywele zake alizipaka rangi ya shaba mwenyewe, katika saluni aliyoimiliki. Kahawa waliyokwenda kunywa iliwafikisha jioni. Mwanamume huyo aliitwa Garrett Echols, na yeye pia alitaka trela lile la aina ya shingo, ambalo pua yake hupanda na kuketi kwenye sehemu ya mizigo ya pikapu, juu ya ekseli ya nyuma.

Februari nzima simu hazikupoa.

"Umelala, kipenzi?"

"Ningekuwa nimelala ningepokea?"

"Nimewaza. Tununue moja, mimi na wewe."

"Sharti moja," Twyla alisema. "Tutalala kwenye kambi za umma, msituni, chini ya misonobari. Ukinipeleka kwenye zile kambi za watu binafsi, mistari ya kokoto na jirani anayenichungulia nikipiga mswaki, nakuacha hapohapo."

"Na kambi za msituni zinataka trela fupi. Barabara zake zilikatwa enzi za babu."

"Ndiyo maana nakupenda. Unanielewa."

Lilikuwapo na sharti jingine, zito zaidi, na lilikuwa na mzizi wake. Lyle, aliyekuwa mumewe, alimficha kwa miaka kwamba ana mwanamke mwingine katika mji wa Nampa, mwendo wa nusu saa tu, na wateja wote wa saluni walijua. Twyla alijiapia kwamba hatalala tena na mwanamume anayemfurahisha kwa kumficha mambo. Alimwambia Garrett hivyo, waziwazi, na Garrett akaitikia kwa kichwa.

Wakajiwekea nafasi kwenye kambi ya Ziwa Pettibone, wiki ya kwanza ya Agosti. Mwisho trela la futi ishirini na nane, ndivyo ilivyoandikwa. Aprili wakaliona trela lao. Lilikuwa na jiko kwa nyuma na dirisha kubwa kuliko kitanda, na ubavuni limeandikwa namba ishirini na sita kwa rangi ya dhahabu. Garrett akatoa futikamba.

"Weka hiyo kitu mfukoni," Twyla alimwambia, mikono shingoni mwake. "Namba si hiyo hapo? Nioshe vyombo naangalia ziwa, Garrett! Usiniharibie siku yangu."

Garrett akaiweka mfukoni, na siku hiyohiyo wakalinunua.

Agosti ikafika. Pettibone ilikuwa na ubaridi wa asubuhi na moshi wa bekoni kila kona. Garrett alianza kurudi nyuma kuingia kwenye nafasi yao, Twyla kasimama nyuma akimwelekeza kwa mikono. Wapiga kambi, kama kawaida yao, waligeuza viti vya kukunja wapate kutazama. Kuona mke na mume wakiegesha trela ndiyo sinema ya huko.

"Kulia! Kulia kwako, si kwangu!"

"Nipo kulia, Twyla!"

"Simama! Simamaaa!"

Kona ya nyuma iligota kwenye msonobari. Mbele, pikapu yote na kipande cha pua ya trela vilikuwa bado barabarani, na magari matatu yameshapanga foleni yakisubiri njia. Bibi mmoja mwenye kofia ya majani, msimamizi wa kujitolea wa kambi, akaja na kigari chake.

"Futi ngapi hii, mwanangu?"

"Ishirini na sita," Twyla alijibu kwa kujiamini. "Imeandikwa."

"Hiyo ni namba ya kuuzia. Wanahesabu ndani tu. Shingo na bampa hawazihesabu. Hii haipungui thelathini na mbili. Hailali hapa."

Mtu mmoja kwenye kiti cha kukunja akacheka. Twyla akamgeukia Garrett apate wa kushangaa naye, na ndipo alipoona kwamba Garrett hashangai. Alikuwa anatazama usukani.

"Ulijua."

"Twyla, tusigombane hapa…"

"Ulijua au hukujua?"

"Nilipima. Mei."

"Mei! Juni na Julai zote unanisikiliza naongelea dirisha, unaniitikia 'ndiyo mpenzi, ndiyo mpenzi', na unajua!"

"Nilidhani tutabanana tukaingia. Ulikuwa na furaha sana."

"Usinitajie furaha yangu! Lyle naye alikuwa ananitunzia furaha!"

Walilitoa trela kwa aibu, wageni wakiwaelekeza, na gome la msonobari likabaki limechubuka. Garrett akajaribu kusema kwamba kule njia kuu kuna kambi ya binafsi yenye nafasi ndefu. Twyla alimkata jicho ambalo lilimnyamazisha mpaka Boise. Alishuka kwake akaubamiza mlango wa pikapu kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Simu ziliita, hakupokea. Siku alipopokea, alipokea ili amtolee uvivu.

"Unataka nini, muongo?"

"Sikukuongopea. Nilinyamaza."

"Kwangu ni kitu kimoja! Nilikueleza la Lyle ukaitikia kwa kichwa!"

"Sawa, nimekosa. Lakini na mimi nina hasira, Twyla, na leo utanisikiliza. Nilitaka kupima kabla hatujatoa hela. Nani aliniambia niweke mfukoni? Kila nikileta neno baya unaniziba mdomo kwa busu au kwa kununa. Unataka mkweli, halafu ukweli ukija unamfungia mlango!"

Twyla alikata simu. Alizunguka saluni akipanga brashi zilizokuwa zimepangika. Alimtukana Garrett kwa sauti, kisha Lyle, kisha waliochora ile namba ya dhahabu, na alipowamaliza wote hasira ilikuwa bado ipo, na wa kutukanwa aliyebaki alikuwa ndani ya kioo. Lyle naye aliwahi kuanza sentensi fulani, miaka ile. Twyla ndiye aliyemkatiza, akimwambia asimharibie chakula cha jioni. Alilia kwa hasira, kwa sababu jambo lile lilikuwa kweli na aliyelisema ni Garrett.

Jumapili alikwenda kwa Garrett bila kupiga simu. Trela lilikuwa limejaa uani, na Garrett ameketi kwenye ngazi yake, ndevu hazijachanwa.

"Sijaja kusamehe," Twyla alisema. "Nimekuja kugombana vizuri."

"Gombana."

"Nilikuziba mdomo, ni kweli. Hilo kosa langu. Lakini ulikuwa na miezi mitatu, Garrett!"

"Nilikuwa nayo. Niliogopa uso wako utakavyobadilika."

"Basi uangalie leo ukibadilika. Sema yote mengine unayonificha. Yote. Nikinyamaza usitulie, nikifoka usikome."

Garrett akashusha pumzi. "Hili trela tukilirudisha tutapata hasara kubwa, na fupi litakalotufaa halina dirisha lile."

Twyla akafumba midomo. "Endelea."

"Supu yako ya dengu siipendi. Mbwa wa mama yako ndiye hunywa."

"Mshenzi wewe! Endelea."

"Naogopa dubu. Kambini sitalala, nitakuwa nasikiliza."

"Fundi wa umeme mkubwa hivyo! Na?"

"Hiyo rangi ya nywele, ile ya kahawia ya kwenye picha zako za zamani ni nzuri zaidi."

"Garrett Echols!" Alimpiga na mkoba begani, kisha akampiga tena. Alikuwa amekasirika kwelikweli, ila miguu yake haikuondoka pale. Akangoja, akihema. "Umemaliza?"

"Limebaki moja."

"Baya?"

"Sijui. Uso wako ndio utasema. Nataka kukuoa."

Uso wa Twyla ulibadilika, na safari hii Garrett aliutazama bila kuinamisha macho.

"Na hilo umelificha tangu lini?"

"Tangu Machi."

"Machi!" Twyla alifoka mpaka jirani akachungulia dirishani. "Miezi yote hiyo nahangaika na madirisha, na wewe umekalia neno kama hilo? Nakubali, mjinga wewe! Na ukinificha lingine nakutoa roho!"